Mzee Kipimo Ashuka Kigodani

Mzee wetu wa chumba cha kushonea anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na tisa ya kusimama. Nasema kusimama kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wengine humu kasrini tunashona, tunapika, tunaendesha magari, tunafungua milango. Yeye alisimama. Wanaocheka wamuulize mhasibu, aliyedai kwamba kazi hiyo hata mlingoti unaiweza, akapanda kigodani kujaribu, na kabla chai yake haijapoa alikuwa sakafuni anapepewa na wapishi.

Kuandika wasifu huu nimepewa mimi wa pasi. Sababu ni mbili: mwandiko wangu hauna mpinzani katika jumba hili, na wenye digrii wote walipata udhuru siku moja. Darasa langu la saba linatosha. Msimamizi wa kasri aliniagiza niandike kwa ufupi, kwa uchangamfu, na nisichokonoe mambo ya zamani. Mawili ya kwanza nitajitahidi.

Jina lake halisi liko kwenye kadi ya mshahara na hakuna anayelitumia. Tunamwita Mzee Kipimo. Kwa wageni waliokuja jana, nieleze. Kanuni ya kasri hili, tangu babu yake mfalme, ni kwamba mwili wa mfalme hauguswi kwa utepe wala kwa pini. Sasa nguo zitashonwaje? Hutafutwa mtu mwenye mwili uleule, anapandishwa kwenye kigoda, anavishwa, anapimwa yeye. Ikimkaa yeye, imemkaa mfalme.

Wakati ule Mzee Kipimo alikuwa kijana wa kubeba mbao. Alileta mbao za rafu kwenye chumba cha kushonea, akainama kuzishusha, na fundi mkuu wa zamani akauona mgongo wake na kuangusha kikombe. Walimpima papo hapo, bado ana vumbi la msumeno kwenye nyusi. Mabega yaleyale, kiuno kilekile, hata mkono wa kulia uliozidi wa kushoto kwa unene wa kidole, kama wa mfalme. Aliambiwa mbao azitue, hatazibeba tena. Sharti lilikuwa moja: abaki hivyohivyo.

Hapo ndipo watu wanapomwonea wivu bila kujua. Mfalme akinenepa, yeye alitakiwa anenepe. Mfalme alipoumwa tumbo, Mzee Kipimo alikunywa uji mtupu mpaka suruali zikakubaliana. Mwaka mfalme alipopenda, kabla hajaoa, wote wawili walikonda; mmoja kwa mapenzi, mwingine kwa amri. Viatu vipya vya mfalme yeye ndiye aliyevivunja ukali, kwa hiyo malengelenge yote ya ufalme huu yako miguuni mwake. Marehemu mkewe alikuwa na maneno yake. Alipenda kuwaambia mashoga zake sokoni kwamba yeye, kuanzia shingoni kwenda chini, ameolewa na mfalme, ila mfalme mwenyewe hakojoi nje akirudi amelewa.

Picha kubwa iliyo ukumbi wa wageni, ile mnayoiinamia mkipita na trei, ni Mzee Kipimo. Uso tu ndio wa mwenyewe. Mchoraji alichukua uso kwa nusu saa, kisha kifua, mikono na magoti akavichukua kwa mzee wetu kwa wiki nzima. Stempu zilitolewa kutoka kwenye picha hiyo. Basi mzee huyu amefika nchi nyingi kuliko balozi yeyote, na amegongwa mihuri mgongoni kila mahali.

Kuna kanuni ya pili, nayo naomba muishike, maana yaliyompata yote yametokana nayo. Mtu aliye kigodani ndani ya nguo ya mfalme hayupo. Hasalimiwi, haulizwi, hatazamwi machoni. Wazee waliiweka kwa akili yao: ukimsalimia itabidi uiinamie nguo, na usipoiinamia umemkosea heshima mwenye nguo. Wakakata mzizi wa fitina kwa kuamua kwamba pale pana nguo tu, mtu hakuna. Anayeshika pini naye huhesabiwa hayupo, kama mkono wa cherehani. Mimi mwenyewe Alhamisi moja moja huwa sipo, na nikiwa sipo nafanya kazi nzuri kuliko wengi walio.

Kwa ajili ya kanuni hiyo mfalme alikipenda chumba cha kupimia. Ndicho chumba pekee kasrini ambako hakuna waziri, na ambako angeweza kukaa mbele ya mtu akawa peke yake. Aliwekewa kiti na simu. Mzee Kipimo akiwa juu ya kigoda, mikono ameitanua, mfalme alipiga simu zake, akalalamika, akaimba pole pole, mara moja alilia. Mzee alisikia yote kwa miaka na hakusikia kitu.

Kisha vikaja vita. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, ila navijua kuliko waliovisoma.

Mzee Kipimo alioa mapema, na mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikuwa ameshakuwa ofisa mdogo wa mawasiliano jeshini. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wakubwa na kuzifikisha kwa wenye mizinga. Kijana mpole, wanasema, mwenye sikio kali, aliyekuwa akitambua hatua za baba yake toka kona ya barabara.

Mwaka wa mwisho wa vita adui alifika kwenye daraja kubwa la kuingilia mjini. Daraja lilikuwa limejaa watu wetu wenyewe, wanakimbia na vitanda na mbuzi na bibi zao mgongoni. Siku hiyo chumbani kulikuwa na koti la kijeshi linapimwa. Mfalme alikaa kwenye kiti chake, akashika simu, akasikiliza kidogo, akasema daraja lipigwe. Upande wa pili inaonekana walimwambia kuna watu. Akasema lipigwe na watu wake. Mzee Kipimo alikuwa kigodani, pini ziko kwenye kola. Upande wa pili wa simu ile alikuwa mwanawe.

Baba na mtoto walisikia sauti moja, kwa wakati mmoja, kila mmoja ncha yake ya waya, na hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Waliligundua baadaye, gerezani, kupitia wavu.

Daraja lilipigwa. Vita tulishindwa vilevile.

Washindi walipoingia mjini, kila mtu alijua mfalme atanyongwa. Wapishi walificha sahani. Msimamizi wa kasri wa wakati ule, sasa ni marehemu, alianza kutembea na kanzu nyeusi begani ili asije kuitafuta. Badala ya kamba ikaja amri ya suti. Suti ya kijivu, ya kiraia, isiyo na nishani wala utepe wa dhahabu. Mzee Kipimo akapandishwa kigodani, na jemadari wa washindi akaja mwenyewe kuitazama, na mkalimani wake nyuma.

Niseme kidogo kuhusu shule yangu. Kwenye mtihani wa darasa la saba kulikuwa na swali: Kwa nini washindi walimwacha mfalme wetu hai? Jibu letu la kukariri lilikuwa: kwa huruma, na kwa kuheshimu mila zetu. Nililipata swali hilo. Ni swali pekee nililolipata, na nimekuja kujua kwamba hata hilo nililikosa.

Mzee Kipimo alilisikia jibu lenyewe likitoka mdomoni mwa aliyemwacha hai. Msimamizi alikuwa amepiga magoti kuomba roho ya bwana wake, na jemadari akamwambia mkalimani amwinue. Hakuna wa kuuawa. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayechagua bati la kuezekea. Milimani kulikuwa bado na majeshi yetu yenye bunduki na njaa, na wasingeshuka kwa amri ya mgeni hata wapigwe miaka kumi. Kwa sauti ya mfalme redioni wangeshuka kwa juma moja. Kuwashusha kwa nguvu kungewala vijana wa kwao, na vijana hao wana mama zao, na mama hao wanapiga kura. Mji wenye njaa unahitaji askari kila kona, lakini mfalme akisema tulieni mara moja tu, unatulia. Nchi isiyo na mwenyewe huokotwa na jirani, na majirani aliwajua.

"Na mfalme aliyekufa hafi tena," akasema. "Akiwa hai atazeeka, atakohoa, atafungua viwanda vya sabuni, mtamchoka. Nikimnyonga, vijana wenu watamwota mpaka wajukuu."

Kisha akataja bei. Mtu hawezi kuachwa akiwa muuaji, watu wa kwao wasingekubali. Ataachwa akiwa mtu ambaye hakuambiwa. Yote yalifanyika, mfalme hakujua. Na kwa kuwa yalifanyika, lazima watafutwe waliojua.

Alikuwa anazunguka kigoda akisema hayo. Aligusa bega la suti, lenye bega la mzee wetu ndani, akauliza kama linaweza kupunguzwa. Alisema mabega yale bado yana vita ndani yake. Anataka mtu wa benki. Fundi akatoa pini. Mzee Kipimo hakuwepo, kwa hiyo hakutikisika.

Waliotafutwa wakapatikana. Mkuu wa mizinga alikuwa amekufa, na mkubwa wake alikuwa amekimbia. Aliyebaki kwenye mstari wa simu ni kijana wa mawasiliano. Alipoulizwa mbele ya majaji nani alitoa amri ya daraja, alisema aliisikia kwa masikio yake sauti ya mfalme. Wakamwuliza nani mwingine aliisikia. Akasema baba yangu.

Mzee Kipimo alikwenda mahakamani kwa miguu, na nguo zake mwenyewe, ambazo siku zote hazikumkaa vizuri kama zile nyingine. Aliapa, akasema kila kitu: koti, simu, maneno, hata mfalme alivyoshika waya kwa kidole kidogo. Majaji walitazamana. Wakamwita msimamizi wa kasri, wakamwuliza kama kulikuwa na mtu chumbani mfalme alipokuwa na simu siku ile.

"Chumbani hapakuwa na mtu," akasema msimamizi.

Wakamwuliza na huyu je? Akawaeleza kanuni yetu, neno kwa neno, jinsi wazee walivyoiweka na kwa nini. Mmoja wa majaji aliiandika, akaonekana kufurahi kama aliyepata funguo mfukoni baada ya kuzitafuta nyumba nzima. Mzee Kipimo hakuitwa mwongo. Aliambiwa tu ashuke, kwa kuwa hakuwepo. Nje kwenye korido msimamizi alimshika mkono, akamwambia sikudanganya, ndugu yangu, unajua mwenyewe ndiyo kanuni. Na kweli hakudanganya. Nimeshaifikiria mara nyingi nikipiga pasi na bado sioni mahali alipodanganya.

Kijana alipigwa risasi Jumanne asubuhi, kwa kosa la daraja na kosa la kumsingizia mfalme. Alizikwa ndani ya ukuta wa gereza, na familia ikakataliwa kumhamisha, maana msingiziaji wa mfalme hazikwi na watu wake mpaka atakaswe na neno la mfalme mwenyewe. Jumatano suti ilikuwa haijaisha pindo. Mzee Kipimo alipanda kigodani.

Jumapili mfalme, akiwa ndani ya suti ya kijivu, alisema redioni kwamba vita vimekwisha na kila mtu arudi kwa mama yake. Askari wakashuka milimani kama mvua, wakitupa bunduki kama kuni. Jemadari alikuwa amesema kweli, na hapo ndipo ubaya wote ulipo. Angekuwa amekosea ningemtukana hapa hapa kwa mwandiko wangu huu mzuri. Lakini baba yangu mzazi ni mmoja wa walioshuka siku ile, na vidole vyake viwili vya mguu aliviacha kwenye baridi. Sauti ile isingesema, asingeshuka. Asingeshuka, mimi nisingekuwepo, na nyinyi mngekuwa mnatembea na makunyanzi. Nimezaliwa na suti ile. Nikimtazama mzee wetu sijui niweke wapi macho.

Baada ya hapo ni miaka ishirini ya kazi tulivu. Suti za kijivu, za bluu, za kufungulia viwanda, vya sabuni pia, kama ilivyoahidiwa. Mkewe Mzee Kipimo alifariki mwaka wa tatu. Hospitali iliandika moyo. Yeye alikula alichopangiwa. Mfalme alinenepa kidogo kwa amani, na mzee akanenepa naye, na ukimwona mtaani ungesema huyu babu mambo yake safi. Hakukosa siku. Hakuchelewa. Aliwafundisha mafundi wote mliopo jinsi ya kuingiza bitana bila kuvuta bega, ingawa hakuwahi kushika sindano, kwa sababu alikuwa anaihisi kutoka ndani. Mama Mikasi, mkuu wetu wa sasa, anakiri mbele ya watu kwamba alifundishwa kazi na mtu aliyekuwa anapumua tu na kunyamaza: akivuta pumzi fupi, ujue umekosea.

Wengi mmejiuliza kwa nini hakuondoka. Wengine mmesema mbele zake alikuwa mwoga, nami nilikuwa mmoja wenu, kwa kuwa mdomo wangu huamka kabla yangu. Nilimwambia siku moja kwamba ningekuwa mimi ningetia pini kwenye kola ya Mtukufu ikae palepale panapopiga mshipa. Alicheka, akaniambia niongeze maji kwenye pasi. Kisha akasema:

"Mwanangu, wale walimwacha hai kwa ajili ya mdomo wake. Na mimi hivyohivyo. Neno la kumtoa kijana wangu pale liko mdomoni kwa mtu mmoja tu duniani. Nimtie pini, halafu neno nilitoe wapi?"

Kwa hiyo kila Alhamisi, mfalme akiingia chumbani, mzee wetu alikuwa anasubiri. Hakuweza kusema, kwa kuwa hayupo. Alitumaini mfalme atasema mwenyewe, peke yake, kama alivyokuwa akijiimbia. Miaka ishirini. Mfalme alizungumzia maua, goti lake, wajukuu. Goti analizungumzia sana.

Mnajua kila anayestaafu hapa hupewa nafasi ya kumwomba mfalme kitu kimoja. Dereva mkuu aliomba gari lililochoka, likamchosha. Mpishi aliomba cherehani ya mkewe. Mzee Kipimo alikuwa anaijua siku yake inakuja, na miezi ya mwisho alikuwa mchangamfu mpaka tukamtania kwamba ameona mchumba. Alimwambia Mama Mikasi kwamba binti yake ameshanunua sanduku jipya la kumhamishia kaka yake, la mbao nzuri, na limekaa sebuleni limefunikwa kitambaa, wajukuu wanalifanyia meza ya kuchorea.

Siku ilikuwa Alhamisi iliyopita. Lilikuwa linapimwa koti la sherehe ya miaka ishirini ya amani. Walikuwepo mfalme na msimamizi wetu. Hatukuwepo mimi na pini zangu, Mama Mikasi na mkasi wake, na Mzee Kipimo. Mfalme alikuja na fimbo, akakaa, akashusha pumzi. Msimamizi akasoma maneno ya desturi kwamba mtumishi fulani anamaliza na ana ombi.

Mzee Kipimo alishuka kigodani. Alivua koti, akanipa. Akavua na suruali, akaikunja kwenye mshono wake kama inavyotakiwa, akanipa. Alibaki na fulana na bukta yake, na soksi zake zenye tobo. Msimamizi aligeukia ukutani kwa aibu. Mimi mwanzo nilitaka kucheka, na nilijua kwa nini amefanya hivyo, na sikucheka. Hakutaka kubaki na hata uzi wa mfalme mwilini. Alitaka awepo.

Walikuwa wanatazamana, wazee wawili wenye mabega yaleyale, na sikumbuki kama niliwahi kuwaona wameelekeana hivyo, maana kwa kawaida mmoja hayupo.

"Mtukufu," akasema, "kijana wangu alisema alisikia sauti yako. Nakuomba useme tu kwamba hakusema uongo. Ukiona kulisema nje ni kazi, basi niambie mimi hapa, mlango umefungwa. Sitalipeleka popote."

Sikilizeni hapo. Alikuwa ameshapunguza. Kaburi aliliacha, sanduku aliliacha, alibaki na neno la sikioni tu.

Mfalme alisugua goti. Msimamizi, bado anatazama ukuta, alijaribu kusaidia: akataja nyumba ndogo ya kasri iliyo karibu na bustani, akataja kiwanja. Mfalme aliinua mkono kumkatiza. Kisha akamwita mzee wetu kwa namna ambayo hakuwahi.

"Mzee mwenzangu. Walioniacha hai waliniachia kila kitu. Neno hilo walilichukua."

"Lakini wameshaondoka, Mtukufu. Jemadari mwenyewe amekufa."

"Ndiyo," mfalme akasema. "Sasa nawaogopa nyinyi. Omba kingine."

"Sina kingine."

Aliondoka chumbani na bukta yake. Hakuinama. Mlinzi wa korido alimpigia saluti, sijui kwa nini, labda aliyajua mabega.

Tulimkuta chumba cha pasi amekaa juu ya kapu la nguo chafu. Mama Mikasi alimletea chai, akamfunika shuka lililokuwa bado lina moto wa pasi. Alikunywa yote. Alisema alikuwa akidhani mfalme halisemi kwa kuwa wamemfunga mdomo, na siku wakimfungua litatoka lenyewe. Hakuwa amefikiria kwamba mtu anaweza kufunguliwa na akabaki vilevile. Kisha akasema: "Nimesimama bure." Mnanijua, mimi hubishana hata na kengele ya chakula. Safari hii nilichukua suruali ya mfalme nikaanza kuipiga pasi, nayo haikuwa na kunyanzi hata moja.

Jioni ile binti yake alikuja kumchukua. Alituuliza kwa macho, tukaangalia chini. Alimvalisha baba yake sweta. Alisema atalitoa sanduku sebuleni kabla hawajafika. Mzee akasema asilitoe, watoto watachorea wapi.

Sasa mambo ya rasmi. Katika utumishi wake Mzee Kipimo alipata cheti cha mahudhurio mara nyingi kuliko mtu yeyote, saa ya mkononi ya miaka ishirini na mitano, na barua ya pongezi iliyosema kwamba hakuna nguo ya mfalme iliyowahi kurudishwa. Nafasi yake haitajazwa. Mfalme ameamua kwamba kuanzia mwezi ujao atapimwa mwenyewe, kwa utepe, kama watu. Wakubwa wanaliita jambo hili maendeleo.

Wasifu wa mtu hufunga na familia yake. Msimamizi ameniambia nitaje walio hai peke yao, kwa sababu sherehe ni ya furaha. Mimi nitaandika ninavyojua, na nikifukuzwa kwa hili, basi nguo zenu mtanyoosha chini ya godoro. Mzee Kipimo ana watoto wawili. Wa kike ni mwalimu wa chekechea. Ndiye atakayekaa naye, na chumba ameshakipaka rangi. Wa kiume alikuwa ofisa wa mawasiliano. Aliulizwa alisikia nini, akasema kweli. Amezikwa ndani ya ukuta wa gereza, upande wa matangi ya maji.

Mzee wetu, sisi wa sindano, wa mikasi na wa pasi tunakushukuru kwa kutusimamia miaka yote hii. Tumeliandika neno hilo wenyewe, na tunajua halitoshi: ni la watu wa chumba cha kushonea, halimtoi mtu ardhini. Uende salama kwa binti yako, ule unachotaka, ulale mchana. Lile uliloliomba tumeshindwa kukupatia. Tunakutakia angalau usilisubiri tena.